Malame Saba kwa Mama Mkwe Mmoja

Mama mkwe wangu aliapa kwamba hatapanda tena gari langu, na alikuwa na sababu. Mara ya mwisho nilipomleta Bunia kutoka Marabo, kichwa chake kiligonga paa mara tatu. Ya nne aliikwepa kwa kushuka. Alimalizia safari kwa pikipiki, nyuma ya muuza makayabu, akafika kwangu akinuka samaki wa chumvi lakini mgongo wake ukiwa mzima.

Sasa binti yetu alikuwa anabatizwa Jumapili, kwa jina la bibi huyo huyo. Kwetu mwenye jina asipokuwepo, jina halishiki. Mke wangu aliniambia bila kupandisha sauti, "Mama asipokuja, utabatiza gari." Basi nikaamua kubadilisha malame.

Malame, kama hujawahi kulala chini ya gari, ni yale mapande marefu ya chuma bapa, yaliyopinda kama upinde na kulaliana kuanzia refu hadi fupi, yanayobeba gari juu ya ekseli. Pikapu yangu huvuta kwa magurudumu yote manne na ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Malame yake ya nyuma yalikuwa yamenyooka kama rula, mawili yamevunjika. Lame likishanyooka halifanyi kazi tena. Linakaa tu hapo, kama mjomba mlevi kwenye kikao cha familia. Nikaagiza seti iliyotumika kutoka Ariwara, ikaja juu ya lori la vitunguu.

Nikueleze kazi yenyewe, maana si ngumu, inataka subira tu. Siku moja kabla, mwagia boloni zote, yaani bolti, mafuta ya mazuti, kwa sababu kutu ya huku imechanganyika na vumbi na haisikii maombi. Asubuhi inua chasi kwa kriki, yaani jeki, kisha iegemeze juu ya magogo ya mkaratusi. Usiiamini kriki peke yake. Kriki haina watoto wa kulea. Toa magurudumu. Fungua boloni zenye umbo la U zinazoshika malame kwenye ekseli, halafu boloni ya ncha ya mbele na ya nyuma. Malame yatashuka, nayo ni mazito, kwa hiyo ondoa miguu yako mapema. Ukipandisha mapya, hakikisha kichwa cha boloni ya katikati kimeingia kwenye tundu lake juu ya ekseli. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, usione haya kama uliwahi kukosea pia: boloni za ncha usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe kwanza, likalie magurudumu yake, ndipo ukaze. Mwanamke akifunga kitenge akiwa ameinama, akisimama kinamlegea. Mipira inayokaa kwenye ncha za malame ni hivyo hivyo. Ukiikaza katika mkao usio wake, itajisokota mpaka ikatike.

Hayo yote tuliyafanya vizuri, mimi na fundi wangu, jirani mnene anayefanya kazi chini ya turubai. Kosa letu lilikuwa kwenye hesabu. Gari lilikuwa na malame matano kila upande. Seti ya Ariwara ilikuwa na saba.

"Tutoe mbili?" niliuliza.

Fundi alinitazama kama mtu aliyeombwa ang'oe meno yake. "Patroni, tano ni ya bwana wa ofisi. Mutu akiweka malame, anaongeza. Weye ulisikia wapi mutu anapunguza?"

"Lakini mimi nabeba mama mukwe tu."

"Iko munene?"

"Kidogo."

"Sasa unaona."

Nikakubali. Gari liliposhuka, makalio yake yalibaki juu, kama bata anayekunywa maji. Majirani walilisifu. Nilimpakia mke wangu tukazunguka mtaa, na kwenye kila shimo gari liliruka, likatua, likaruka tena pasipo na shimo. Sababu yake ni rahisi: malame saba yanangoja mzigo mkubwa ndipo yapinde, na lame lisilopinda hulipeleka shimo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wako.

"Hii haiko gari tena," mke wangu alisema akishuka. "Iko mbuzi."

Nilirudi kwa fundi tupunguze. Turubai lilikuwa limefungwa. Alikuwa ameenda matangani Iga Barrière, na spana zake zote. Jumamosi alfajiri tulimwacha mtoto kwa dada yangu, tukaenda Marabo hivyo hivyo, meno yakigongana.

Ujue kwamba mimi na mama mkwe hatusemezani ana kwa ana. Ni heshima. Kila neno hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumesimama hatua mbili tu. Tulimkuta uani amevaa nguo za shamba, yaani hakuwa na nia ya kusafiri. Hakunitazama. Aliinama akachungulia chini ya gari. Nilikuwa nimesahau kwamba aliuza mihogo miaka mingi, akisafiri juu ya malori. Anayajua magari kwa chini, maana ndiko alikolala kila yalipoharibika.

"Ambia bwana yako nimehesabu saba."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema saba."

"Nilisikia. Ambia mama iko ya nguvu."

"Nguvu ya kubeba nini? Anahamisha Marabo yote?"

"Mama anauliza—"

"Ambia mama nitaenda polepole."

"Ambia yeye polepole ni mateso ile ile, ila inachelewa kuisha."

Mke wangu alichoka kuwa barabara yetu. Akaketi kizingitini. "Basi mutoto abakie bila jina," alisema, na safari hii hakuwa anapeleka ujumbe wa mtu.

Mama mkwe alimtazama bintiye, akalitazama gari. Kisha akaita majirani. Magunia ya mihogo mikavu yakaletwa, mikungu ya makemba, zile ndizi za kupika, ikafuata, na kila mzigo ulipopanda yeye alichuchumaa kuangalia. Kwenye gunia la tisa aliinua mkono. Malame yalikuwa yamepinda vizuri, kama migongo ya watu wanaolima. Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Tulirudi kama tumepanda gari la askofu. Mke wangu aliketi katikati yetu. Kabla hatujafika mbali mama mkwe alilala, akakoroma, na mkoromo huo ulinifikia bila kupitia kwa mtu.

Alikataza gari lisipakuliwe, kwani kesho yake alitaka kulipanda tena kwenda kanisani. Hivyo tulienda ubatizoni na mihogo. Alimshika mjukuu wake mbele ya padri, akataja jina kwa sauti iliyofika hadi uani, na jina likashika.

Tulipotoka, gari lilikuwa tupu. Wanaume wa kamati ya kanisa walikuwa wameona magunia na mikungu mlangoni, wakaelewa walivyoelewa, wakapeleka kila kitu ghala la matoleo. Padri akaja kutushukuru kwa mikono miwili. Mihogo iliyokwisha kushukuriwa hairudi.

Mama mkwe alilitazama gari, lililokuwa limeinua tena makalio. "Ambia bwana yako atafute uzito."

Wanakwaya walikuwa wanatoka. Alisimama kando ya gari akichagua kwa kidole. "Ule wa kitambaa ya kijani, apande. Na dada yake. Yule mwembamba abakie, anaimba muzuri lakini hana kilo." Walipanda bila kuuliza, kwa kuwa walisikia kuna chakula. Walipofika kumi na wanne alimpa mke wangu mtoto, akachuchumaa, akachungulia malame.

"Moja tena," alisema.

Uani hakubaki mtu isipokuwa yule mwembamba na padri, aliyekuwa bado mlangoni, na ambaye ana kitambi cha haja. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu.