Mashine ya Laurentine Haiko Mitraille

Laurentine wa Kamalondo, Lubumbashi, husuka nywele sebuleni kwake, na kila mteja, akishaketi, hupewa maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, ashike. Mashine yenyewe ni ya zamani, kaseti yake ni moja tu: matofali yanadondoka, wewe unayapanga, ukizembea yanajaa mpaka juu, umekufa, anza tena. Kichwa cha mteja hakitikisiki, vidole vyake ndivyo vinavyohangaika, naye Laurentine anasuka huku akigomba: "Geuza! Geuza, mama, utakufwa!"

Juzi mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Kolwezi, akatuma konsoli mpya kwa ajili ya mdogo wake Ephraïm. Laurentine hakuukana uzuri wake. Wachezaji wa mpira walitoka jasho kabisa, nyasi za uwanja zilipepea. Lakini kabla ya kucheza ilitaka mega za intaneti, ikataka jina, ikataka neno la siri. Halafu Ephraïm akaziba masikio kwa vile vifaa vyake vya kusikilizia, akashinda peke yake akizungumza na watu wasioonekana.

"Mama, ile yako iko ya bazee," alisema.

"Njo mimi muzee. Iache."

Hakuiacha. Asubuhi moja Laurentine, akiwa katikati ya kichwa cha mteja wake Bijou, alikumbuka hajampa maneti, akanyoosha mkono, akagusa vumbi tupu.

"Ephraïm! Mashine iko wapi?"

"Nilipatia bale ba mitraille."

Lubumbashi yote inawajua hao. Wanapita na mkokoteni wakikusanya mitraille, yaani vyuma vibovu na kila chenye waya ndani. Wanapasua, wanachoma plastiki, wanatoa shaba. Laurentine alitupa kitana.

"Na mie?" Bijou alilia, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama kama shamba lisilolimwa.

"Nifuate, ao bakia!"

Aliukuta mkokoteni mbele ya baa ya Annie. Mwaba, mwenye mkokoteni, alikuwa amechutama, nyundo mkononi, mashine imelazwa kifudifudi kati ya miguu yake.

"Weka nyundo chini."

"Mama, mutoto wako njo alinipatia. Kintu kilishakufwa, kimebakia shaba tu."

"Nani alikuambia kilikufwa?"

"Si uangalie sura yake!"

"Na yako je? Juu ya sura mubaya tu, tukupige nyundo?"

Wanywaji waliangua kicheko. Mwaba naye alicheka, ila nyundo hakuiachia. Watu wa kazi yake wana sheria moja: kinachowaka hakipasuliwi.

"Donc, basi, iwake," alisema. "Ikikatala, minapasua hapa hapa, na unyamaze."

"Nitanyamaza."

Annie akatoa televisheni ya baa. Nyaya zikachomekwa. Kioo kikabaki cheusi tii. Ephraïm alikuwa amefika, amesimama mbali kama mtu asiyemjua mama yake.

"Mama, twende. Bantu banatuangalia."

"Baangalie! Niliiba?"

Aliichomoa kaseti, akaifuta meno kwa ncha ya kitenge, akaipuliza, akairudisha. Weusi uleule. Mwaba akainuka na nyundo yake. Laurentine hakumtazama. Akapuliza tena, taratibu, akaisukuma kaseti kwa kidole gumba na kukiacha kidole kikiikandamiza palepale. Mistari ikatetemeka. Tofali la kwanza likadondoka, na kale kamuziki kembamba kakalia.

Baa nzima ilipiga kelele. Mlevi aliyekuwa amelalia meza aliamka, akaomba maneti, akapewa, akafa papo hapo, akachekwa, akaomba tena.

"Unaona?" Laurentine alimwambia mwanawe. "Yako iko muzuri, sikatale. Lakini kwa kuingia mule banakuuliza jina. Huku hata mulevi anaingia."

"Lakini ya kwangu njo ya sasa, mama."

"Na mimi niko wa lini? Si niko wa sasa?"

Mwaba aliiweka nyundo mkokotenini, akanung'unika kwamba siku yake imeharibika. Laurentine akaibeba mashine kwapani, nyaya zikiburuta vumbi, Bijou nyuma na nywele zake nusu. Nyumbani hakuketi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya televisheni akaung'oa waya wa konsoli mpya.

"Mama! Televisheni iko moja tu!"

"Najua."

"Na yangu je?"

"Yako iko na akili mingi. Itajitafutia televisheni."