Nimepinduka Sekenke kwa breki mbovu, na kodi ya lori iko palepale

Wakuu wasomaji wa ukurasa huu, salamu. Walionizidi umri, shikamooni. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Shule nilisoma miaka miwili tu, mtanivumilia.

Mimi ni dereva, nina lori langu moja kuukuu. Nabeba ngozi kutoka Singida mjini kwenda Shelui.

Niliitwa bomani mambo ya kodi ya mapato. Karani, kijana wa miwani, akasema matengenezo ya gari la kazi yanapunguzwa kwenye kodi. "Ila mzee, lete ushahidi."

Sasa kwetu ng'ombe akifia porini, mchungaji anamletea mwenye ng'ombe ngozi. Akiiona, maneno yamekwisha. Mimi huo ndio ushahidi ninaoujua.

Basi nikamwambia fundi wangu: kila kikuukuu unachotoa kwenye lori, nitilie kwenye gunia.

Fundi namtaja, sioni haya. Ni Hamisi wa Unyambwa, anayejiita Injinia.

Nikampa kazi ya kubadili lainingi za breki, zile zinazobana gurudumu. Akanirudishia lori na gunia zito. "Kaka, hata mbuzi akikatiza, linasimama hapohapo!" Nikacheka, nikalipa.

Wiki ileile nateremka mlima Sekenke, mchana kweupe. Nakanyaga breki, hazishiki. Nakanyaga tena, wapi! Nikaligongesha lori ukingoni ili lisiende korongoni, likapinduka.

Wakuu, vita ya Burma nilirudi mzima. Sekenke nimetoka na mguu uliovunjika.

Polisi wakasema uzembe wangu, wakachukua leseni. Bila leseni mimi ni nani? Jembe na mguu huu haviendani.

Nikaenda bomani na mkongojo, nikamwaga gunia mezani kwa karani.

Akaruka na kiti chake. "Mzee! Nilisema risiti! Karatasi!"

Hamisi hajui kuandika, angeniandikia nini?

Tarishi wa pale, mzee aliyewahi kuwa dereva, akaokota lainingi moja akaigeuzageuza. "Bwana we, hizi za gari dogo. Kwenye lori lako haziingii hata kwa nyundo."

Nikajiuliza: Kama hizi si zangu, zangu ziko wapi?

Nikawapelekea polisi gunia lile na maneno ya tarishi, nao wakaenda kufungua magurudumu ya lori. Zangu zilikuwa mlemle, zimelika hadi chuma. Injinia hakugusa kitu!

Leseni nikarudishiwa. Nilifurahi mpaka nikasahau mguu. Nikarudi kwa karani, akafuta mstari wa matengenezo kwenye karatasi yangu.

"Pole mzee. Kwa kuwa breki hazikutengenezwa, hakuna matengenezo ya kupunguza."

Yaani gunia lililoniokoa polisi ndilo limenimaliza kwenye kodi. Nimewaza hadi kichwa kinauma, sielewi.

Hamisi sasa yuko Ikungi, anafungua magari ya watu. Wa Ikungi, nimeshasema.

Nilichojifunza: fundi akifungua gurudumu, simama hapo uone kwa macho yako. Na akupe karatasi, hata kama ni ya kidole gumba.

Wenye kuelewa nijibuni: kuibiwa na fundi wa gari la kazi, hiyo si gharama ya kazi? Gunia liko uvunguni. Mke wangu anataka kulitupa, nimemwambia asubiri kwanza wasomaji waseme.