Pikapu Aliyoikwangua Sadala

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1975. Manyunyu tangu alfajiri. Jua halikuonekana hadi saa nane mchana.

Siku hiyo Sadala Mhina, dereva wa kijiji chetu cha upande wa Mazingara, aliingiza pikapu chini ya paa la ghala la mahindi, akakunja mikono ya shati, akaanza kukwangua kutu. Ilikuwa kutu kidogo. Rangi ilikuwa imebanduka juu ya gurudumu la nyuma, na chini ya mlango wa dereva kulikuwa na madoa matatu yasiyozidi ukubwa wa shilingi.

Gari lilikuwa kuukuu. Tulipewa mwaka uliotangulia, tulipohamishwa kutoka mashamba yetu ya zamani kuja kukaa pamoja kando ya barabara. Tuliahidiwa kwamba hospitali itakuwa karibu. Hospitali ilibaki kule kule Korogwe, na pikapu ndiyo iliyotufikisha.

Sadala alikuwa na lake pia. Binti yake Mashavu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Mkunga wetu, Efrazia, alikwisha kumwambia waziwazi: "Mzee Sadala, huyu asijaribu kuzalia hapa. Uchungu ukianza, mpakie mwende."

Ndiyo maana hakutaka kutu iendelee kulila gari. Kazi alijifunzia katika karakana ya shamba la mkonge huko Korogwe, miaka kumi na mitano chini ya nyapara mmoja mkali, aliyekuwa na sheria moja: usipake rangi mahali ambapo hujaona chuma cheupe. Kule, mtu akimaliza kukwangua anakwenda stoo, anapewa rangi siku ile ile. Sadala alikuja kwetu na sheria hiyo. Stoo hatukuwa nayo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mbaruku, alipita adhuhuri akasimama.

"Sadala, unalichuna gari kama mbuzi wa Idi."

"Ukipaka rangi juu ya kutu, Mwenyekiti, umeipa blanketi."

"Mkaguzi wa magari wa wilaya akija je?"

"Si mwisho wa mwezi? Rangi nimeagiza, inakuja na basi letu la Ijumaa."

Kufikia jioni madoa mawili yalikuwa yamekwisha. La tatu halikuisha. Kila alipopitisha msasa chuma kilizidi kulainika, hadi kikatoboka. Kidole gumba kikapita. Mbaruku alirudi kutazama, akamshauri azibe kwa nyuzi za mkonge na lami, kama wafanyavyo wengi.

"Mkonge unakunywa maji," Sadala alisema. "Ukizibia hapo, mwakani mlango wote unaanguka. Acha wazi, Jumamosi nitalipeleka kwa fundi wa kuchomelea."

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Hakuna aliyemtarajia. Alilizunguka gari mara mbili, akainama mlangoni, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye tundu.

"Umelitoboa wewe hili, mzee?"

"Lilikuwepo. Mimi nimeondoa pazia tu."

"Ungeniachia pazia lako, ningepita zangu." Hakuwa akicheka. "Sasa nimeliona. Siwezi kuandika kwamba ni zima."

Sadala alimweleza habari ya Ijumaa, habari ya fundi, mwishowe habari ya Mashavu. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema gari litatengenezwa wilayani na litarudi baada ya wiki mbili. Akaondoka nalo yeye mwenyewe. Dereva wake akamfuata nyuma. Rangi ilifika Ijumaa kama ilivyoahidiwa. Kopo likawekwa ghalani juu ya magunia.

Jumanne, tarehe 22, Mashavu alishikwa na uchungu saa moja asubuhi, wiki tatu kabla ya wakati. Mvua ilikuwa kubwa. Wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi katikati, wakambeba kwa zamu hadi Mkata, saa sita za matope. Sadala alibeba bila kukubali kupokewa. Basi la kwenda Korogwe walilipata alasiri. Mashavu alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa.

Kijijini hakuna aliyemtukana Sadala. Walimwamkia kama kawaida, ila hawakusimama kuzungumza. Mbaruku alisema mara moja tu, hadharani, kwamba nyuzi za mkonge zingetosha mpaka Mei, na ilikuwa kweli.

Mashavu alirudi Ijumaa, tarehe 2 Mei. Alimkuta baba yake amekaa kibarazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mashavu akakaa karibu naye. Kisha akasema, "Walionibeba waliumia sana. Ile miti ilikuwa na vinundu. Niliona damu kwenye shati la mume wangu, hapa begani."

Akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata, pikapu ikiwa bado haijarudi, Sadala alikwenda ghalani. Ile miti miwili ilikuwa imeegemezwa ukutani, blanketi limekwisha kuondolewa. Akailaza juu ya magunia kando ya kopo la rangi lisilofunguliwa, akatoa kipande cha msasa kilichobaki, akaanza kulainisha mahali mabega yanapokaa.