Bei ya Mwisho ya Mama Gentille

Bernardine, ambaye sote tunamwita Mama Gentille, hanunui kitu bila kupatana bei. Tangu aje Brooklyn Park, hapa Minnesota, kutoka Uvira, Kongo, anawaomba wenye maduka wampunguzie, naye binti yake Gentille hujificha nyuma ya rafu akijifanya hamjui. Sisi majirani tunamcheka, halafu tunamtuma atununulie.

Kitu kimoja tu kilimnyamazisha: dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta. Bei ilipanda bila hodi, akaanza kuibania, leo avute, kesho aache. Kwenye kwaya ya kanisa letu akawa anapiga makofi tu. Mimi niliyesimama karibu naye niliogopa kweli.

Jumapili moja Silas, kijana Mkenya anayesomea ufamasia, alitueleza baada ya ibada kwamba Minnesota ina sheria: kampuni ikipandisha sana bei ya dawa, lazima ijieleze kwa serikali.

"Sheria inataka bei ziwe wazi," akamalizia.

Mama Gentille akaruka. "Bei iko wazi? Na hamkuniambia?"

Kwake yeye, kilicho wazi ni mlango: unaingia, unapatana. Silas alijaribu kumweleza kwamba wazi ni kujulikana, si kupunguzwa. Mama alikwisha kumgeuzia mgongo.

Nikawapeleka yeye na Gentille duka la dawa kwa gari langu. Mwuza dawa akataja bei ileile.

"Umuulize, dernier prix ni ngapi?" Mama akamwambia binti.

"Mama, no. Please."

Mama akataka kumfokea, kifua kikambana. Akashika kaunta, pumzi ikipiga filimbi. Gentille akamtazama, uso ukambadilika. Akamgeukia mwuza dawa na kusema kwa Kiingereza, duka zima likasikia: mama yangu anauliza bei yako ya mwisho.

Mwuza dawa hakucheka. Alibonyezabonyeza kompyuta, akasema ipo dawa hiyohiyo ya kampuni nyingine, bei haifiki hata nusu. Mbona hakusema mapema? Eti hatukuuliza! Nilitamani kumzaba kofi.

Gentille akakubali, tukalipa, na Mama akaivuta palepale mlangoni, kama daktari alivyoagiza. Garini akamsuta binti yake.

"Umekubali haraka. Yule angeshuka tena."

Kisha akaanza kuimba wimbo wa kwaya, sauti yote, na Gentille, ambaye siku zote humjibu kwa Kiingereza, akaitikia kwa Kiswahili.