Wa Tatu Hauna Mstari wa Manjano

Nilianguka kwenye ngazi za nyumba ninazojenga Mutuini, mguu ukavunjika, nikakalishwa kitini nyumbani Uthiru miezi mitatu. Kukaa sijui. Kitinda mimba wangu, binti ambaye ni wakili, akaniletea mashine ya gemu na mchezo wa tisa wa mfululizo aliouanza kuucheza akiwa sekondari. Humo unakuwa mtu mwingine, unazunguka nchi ya kubuniwa, unapewa kazi, unapigana, unapata nguvu polepole.

Mchezo huo ni mzuri, sitadanganya. Mvua ikinyesha mawe yanabadilika rangi, na mimi nimechonga mawe miaka arobaini, jiwe lililolowa nalijua. Watu wanaongea kwa sauti zao. Ukitumwa mahali, mstari wa manjano unatandikwa chini mbele yako mpaka mlangoni.

Jumapili moja nikamsikia akimwambia kaka yake kwamba ule wa tatu ndio unashinda yote, ila Baba hatauweza, ni kusoma tu mwanzo mpaka mwisho.

Shule niliacha darasa la tatu. Watu wenye digrii wanalala kwenye nyumba nilizojenga. Maneno yale yakanikaa vibaya.

Nikaenda mjini na magongo yangu. Duka la michezo ya zamani liko ghorofa ya pili, mwenyewe ni Mhindi wa rika langu. Nilipoutaja ule wa tatu, akaniuliza mjukuu ninayemnunulia ana miaka mingapi.

"Mchezo ni wangu mwenyewe," nikamwambia.

Akatazama mguu, akatazama uso. "Basi kaa, mzee, kunywa chai. Huo hauna haraka."

Kweli hauna. Wa tatu una sura mbaya, watu wake kama wamechongwa na kibarua wa siku ya kwanza, na hakuna anayefungua mdomo. Yote ni maandishi ya Kiingereza. Nilisoma kwa kidole kwenye skrini, neno kwa neno, mengine nikiyarudia mara nne. Muuza chumvi mmoja wa humo mchezoni akaniambia nitoke langoni, nipite vilima viwili, nifuate bonde, nitaona kaburi la mfalme. Nikifika kwenye maji, nijue nimepitiliza. Nilicheka peke yangu. Hivyo ndivyo tulivyoelekezana hapa Uthiru kabla ya vibao vya barabara.

Nikachora ramani kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, kama ninavyochora ploti zote, geti chini, mbele juu. Siku sita nikazunguka nikifika majini tu. Mchezo haukunisaidia hata kidogo. Siku ya saba nikarudi kwa muuza chumvi, nikamsoma upya, nikaona lango lenyewe linatazama mashariki, si kaskazini kama nilivyodhani. Nikageuza karatasi. Kaburi lilikuwa pale pale aliposema. Wa tisa ungenifikisha kwa dakika mbili, na leo nisingekumbuka nilikwenda wapi.

Jumapili iliyofuata binti yangu akaingia, akasimama nyuma ya kiti na mkoba bado begani.

"Baba, hapo umefikaje? Mimi kaburi hilo lilinishinda, nikaacha."

Nikamwambia nimeuliza njia. Mlangoni mwa kaburi palikuwa na maandishi marefu, yamejaza skrini. Akavuta stuli, akaanza kunisomea kwa sauti, kama anavyonisomea barua za benki.

"Nyamaza kidogo, mama. Nasoma."

Akaendelea kusoma kwa macho. Yeye alimaliza mapema, nikaona kidole chake kikisogea kwenye kitufe cha kuendelea. Nikaushika mkono wake mpaka nilipofika nukta ya mwisho.