Kitanda cha Shemasi

Watu wa mji wa Kanab wakikusimulia habari za Orrin Stubbs, watakuambia kazi yake ilikuwa kuangusha farasi. Ndivyo ilivyokuwa. Wenye filamu walipokuja kusini mwa Utah kupiga picha za wachunga ng'ombe na bastola zao, yeye ndiye aliyeitwa. Farasi anakuja mbio, mpandaji anavuta hatamu ya kulia mpaka pua ya mnyama inaelekea gotini, farasi analala ubavu katikati ya vumbi, mpandaji anabiringika kama aliyepigwa risasi. Kisha mtu anapaza sauti kwamba basi, imetosha. Maiti wanainuka, wanajikung'uta, wanakwenda kula.

Hakuna farasi wa Orrin aliyewahi kuvunjika. Walimsifu kwa hilo, lakini sifa haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Leota.

Farasi haangushwi juu ya ardhi ngumu. Anachimbiwa kitanda. Unafukua udongo mpaka shimo likufike magotini, unaurudisha baada ya kuuchekecha, unauchanganya na mchanga na unga wa mbao, halafu juu unanyunyiza vumbi la pale pale ili kamera isione kitu. Orrin alichimba. Leota alitandika. Kitanda kikishakuwa tayari, alivua viatu na soksi, akapandisha gauni kidogo, akakitembea chote polepole, huku na huku, kama mtu anayetafuta sindano. Kisigino kikigusa jiwe, hata dogo kama yai, aliinama akalitoa, akalitupa nyuma ya bega bila kuliangalia.

"Buti ni kiziwi," alikuwa akisema. "Mguu mtupu ndio unaosikia."

Waigizaji waliotoka mijini walicheka kumwona mama mtu mzima anakanyaga udongo pekupeku.

"Cheka tu, kijana," aliwaambia. "Kesho ubavu utakaolala hapa ni wako."

Leota alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado juu ya majabali mekundu. Ulikuwa ugonjwa wa ini. Akina dada wa kanisani walileta viazi vya kuokwa na jibini, chakula cha msibani kule, bakuli baada ya bakuli, hata Orrin akawa anavila asubuhi, vya baridi, amesimama jikoni. Kisha mabakuli yakarudi kwa wenyewe, na nyumba ikabaki na saa ya ukutani na yeye.

Alibaki pia na Shemasi. Huyo alikuwa farasi mwekundu aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, Leota akamlea kwa chupa. Alimpa jina la Shemasi kwa sababu, alisema, alijua kupiga magoti kuliko vijana wote wa kanisani. Alikuwa ameanguka katika filamu nyingi kuliko farasi yeyote wa bonde lile. Sasa alikuwa mzee, na uso wake umeingiwa na mvi.

"Orrin," Leota alimwambia kabla sauti haijamkauka, "mimi nikiondoka, Shemasi asiangushwe tena."

"Haya."

"Usiniambie haya kama anayefukuza nzi."

"Nimesikia, Leota. Haanguki tena."

Mwezi wa tano akaja mwongozaji wa filamu aliyeitwa Varga, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akavua kofia, akampa pole, akakaa. Orrin akampa maziwa, maana kanisa lao lilikataza kahawa.

"Filamu yangu si kama zile mlizozoea hapa," Varga alisema. "Ni ya mzee mmoja aliyekuwa muuaji ujanani. Ameshaacha, ana nguruwe wake. Anarudi aue mara moja tu, basi. Lakini hakuna mara moja. Kwangu mtu akipigwa risasi hafi vizuri. Analia. Anaomba maji. Nataka watu watoke ukumbini hawataki kushika bunduki tena."

"Huyo anayeuawa kafanya nini?"

"Si kitu kikubwa. Ni mkulima. Anakimbia, farasi aliyempanda anapigwa risasi mbele ya mlango wa nyumba yake, mkewe anaona."

"Na farasi naye kafanya nini?"

Varga alicheka akidhani ni utani.

"Kuanguka ni mara moja, Bwana Stubbs. Nimetazama farasi wako wadogo, bado hawajui. Nimeambiwa kuna mwekundu."

Hapo ndipo Orrin alipopaswa kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini zilikuwa zimepita wiki nyingi bila mtu kumwita kwa jina ila kumpa pole. Nje, karibu na zizi, Dell Pruitt alikuwa akimngoja Varga. Dell alikuwa mpandaji wa kuanguka, amefundishwa na Orrin tangu hajaota ndevu, na sasa alikuwa akimfokea Shemasi kwa mzaha kwamba amenenepa kama askofu. Orrin aliisikia sauti ile na farasi akikoroma kumjibu. Ilikuwa kama nyumba ina watu.

"Mara moja," Orrin alisema.

Kitanda walikitaka mbele ya nyumba ya zamani ya shamba, nje ya mji, kuta zake nusu zimeanguka. Ardhi ya pale ilikuwa imeshindiliwa na miguu ya watu waliokwisha kufa zamani. Orrin alichimba asubuhi yote. Dell alimsaidia kuchekecha. Mchana walileta mchanga, wakaleta unga wa mbao, wakapiga reki, wakanyunyiza vumbi. Kitanda kikapotea machoni. Orrin akakikanyaga kwa buti, akakichoma kwa uma wa shamba hapa na pale.

"Ndugu Orrin, hutembei?" Dell aliuliza.

"Nimetembea."

"Kwa buti."

"Nimechoma na uma. Hakuna kitu."

"Dada Leota angekufukuza na huo uma mpaka Arizona."

"Dada Leota hayupo, Dell."

Dell akainamisha uso, akajifanya anakaza mkanda wa tandiko.

Orrin alisimama pale akiitazama miguu yake. Wanawake wa mavazi walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakishona. Wapiga picha walikuwa wakivuta sigara. Tangu utu uzima hakuna aliyewahi kuiona miguu yake mitupu ila mtu mmoja. Na si aibu tu. Alijua kwamba akivua buti na kuikanyaga ile ardhi kama alivyokuwa akikanyaga Leota, atakuwa amekubali kwamba kazi ile sasa ni yake, na mkewe harudi. Alikwenda akanywa maji. Akaliacha jambo hilo.

Jua lilipoelekea upande wa majabali, Varga aliinua mkono. Dell alikuja mbio kutoka kwenye vichaka, amelala shingoni mwa farasi. Shemasi alikimbia vizuri, masikio mbele, kama anayekwenda nyumbani. Mzee Hollis Crane, mwigizaji aliyecheza muuaji, akapiga bastola yake ya baruti tupu. Dell akavuta hatamu. Shemasi akageuza kichwa, akakunja mguu, akalala kitandani pale pale palipopimwa.

Vumbi likapanda. Ndani ya vumbi ikasikika sauti kama ubao unaovunjwa gotini.

Dell alibiringika, akalala kifudifudi, kama kazi ilivyotaka. Shemasi alikuwa na desturi yake. Alikuwa akilala mpaka sauti ya basi, kisha anainuka yeye kwanza, anajikung'uta na tandiko lake. Safari hii hakungoja. Alitupa kichwa, akasukuma kwa miguu ya nyuma, akainua kifua, na bega la kulia likamkataa. Akaanguka tena. Akajaribu tena.

Mkono wa Varga ulikuwa bado juu. Kamera ilikuwa inazunguka.

Orrin aliingia mbele ya kamera bila kumwangalia mtu. Alipiga magoti, akaweka kiganja shingoni mwa farasi. "Tulia," alisema. "Tulia, mwanangu." Shemasi akatulia, ila pumzi yake ilitoka na povu lenye damu.

"Zima hiyo mashine," Dell alisema. Alikuwa amekaa vumbini. "Nimesema izimeni."

Wakazima.

Farasi aliyevunjika bega haponi. Pale palikuwa na bunduki za kutosha kuteka ngome, na hakuna hata moja yenye risasi. Orrin alikwenda kwenye pikapu yake, akatoa ile bunduki ya nyuma ya kiti, ya kufukuzia mbwa mwitu. Aliporudi alimkuta Crane amesimama njiani, bado na koti la muuaji, uso umempauka. Mtu yule alikuwa ameua katika filamu tangu ujana wake.

"Bwana Stubbs, ni farasi wa mkeo. Nipe mimi nikufanyie."

"Umewahi?"

"Hapana."

"Mimi nimewahi. Haizoeleki. Kaa hapo."

Orrin aliondoa lijamu kwanza, maana Leota hakupenda farasi alale na chuma mdomoni. Akamfunika jicho kwa kofia yake. Kisha akapiga.

Mlio ulikuwa mdogo. Wiki nzima walikuwa wamelipua baruti kubwa na watu wakaendelea kula mkate wao. Mlio huu ulipolia, wale wanawake kwenye ngazi waliacha kushona, na mpishi, kule nyuma ya hema, akazima jiko.

Baadaye, Dell na wengine walipomsogeza Shemasi kwa kamba, Orrin alikaa chini akavua buti. Akavua na soksi. Watu walimtazama, naye hakujali. Alikikanyaga kitanda polepole, huku na huku, mpaka alipofika kwenye shimo lililoachwa na bega la farasi. Kisigino kikasikia. Alifukua kwa mikono. Ilikuwa pembe ya jiwe la msingi wa ile nyumba, imechomoza kutoka chini ya shimo, mahali ambapo uma haukupita. Halikuwa la kutupwa nyuma ya bega. Alikaa kando yake, miguu yake myeupe ndani ya udongo laini, akaitazama.

"Nilikuahidi," alisema. Hakuna aliyemwuliza anasema na nani.

Varga alimjia akiwa ameshika miwani mkononi.

"Sijui niseme nini, Bwana Stubbs. Kosa ni letu sote."

"Si lenu."

"Ile picha..." Varga alisita. "Ukiniambia niichome, naichoma leo. Lakini ndicho nilichokuja kukitafuta, na sasa nimekipata naona aibu."

Orrin alifikiri juu ya farasi wote waliolala chini kwa ajili yake na kuinuka, na watu ukumbini wakitafuna bisi.

"Itumie," alisema mwishowe. "Ukiichoma atakuwa amekufa kwa uzembe wangu tu. Ila usiiwekee muziki."

Mnyama akifa, watu wa pale humburuta mpaka korongoni, ili ndege wamle. Orrin hakukubali. Yeye na Dell walichimba nyuma ya nyumba ya Orrin, karibu na mti wa aprikoti, shimo refu. Chini yake Orrin aliweka mchanga na unga wa mbao. Kisha akashuka, pekupeku, akalikanyaga lote. Kila jiwe alilolipata, alilitupa nyuma ya bega. Dell alisimama juu na koleo lake akingoja, na hakumhimiza.

Filamu ilifika Kanab majani yalipokuwa yanapukutika. Ukumbi ulijaa, maana kila mtu alitaka kumwona jirani yake kwenye picha. Walicheka walipomwona kinyozi wao amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe. Orrin alikaa kiti cha pembeni. Kwenye kiti cha karibu yake aliweka kofia.

Kisha farasi mwekundu akatoka vichakani. Akakimbia, masikio mbele. Akaanguka. Hakukuwa na muziki. Ilisikika pumzi tu, na kwato zikikwangua, na tandiko likilia. Kicheko kikakatika. Hata bisi zikanyamaza.

Nyuma ya Orrin mtoto wa kike aliuliza, "Mama, ameumia?"

"Hapana, mpenzi wangu," mama alinong'ona. "Hao wamefundishwa. Ngoja, utamwona anainuka."

Shemasi alitupa kichwa. Akainua kifua. Mtoto akangoja. Orrin naye, aliyemzika kwa mikono yake, akajikuta ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, amesogea ukingoni, anangoja.