Njia Iliyoandikwa Kwenye Kaye

Juzi nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikamkuta binti yangu akitazama kwenye simu video ya mtu anayeonyesha jinsi ya kumaliza mchezo uliokuwa umemshinda. Sikumkemea. Nilikaa tu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba.

Nyumba ilinuka sombe, mboga ya majani ya muhogo, na ile harufu kali ya asidi kutoka kiwandani. Kaka yangu mkubwa Fiston, niliyemwita yaya, alikuwa mbele ya televisheni, amepotea kwenye pango la mchezo wake wa video tangu asubuhi. Kesho yake alikuwa anakwenda Kambove kuchimba madini, kwani masomo yalikuwa yamekwisha kwake. Binamu yetu alikuwa ametuachia kaye, daftari alimoandika njia yote ya mchezo ule, nami nilikuwa nimelipakata.

"Yaya, miye naweza kukusomea."

"Hapana. Acha nipotee kwanza."

Nilidhani anaona haya kusaidiwa na mtoto. Basi nikasoma kwa sauti: "Pita ku gauche, kushoto, kamata ufunguo, usifungue mulango ya pili." Alifuata hatua kwa hatua, hadi muziki wa mwisho ukapigwa. Nilipiga makofi. Yeye alizima televisheni, akaanza kukunja mashati yake ya safari.

"Umefurahi, yaya?"

"Ulikuwa na haraka gani, mama?" aliniuliza polepole, akiniita mama kama wasichana wadogo wanavyoitwa kwetu.

Sikuelewa. Kwangu mchezo ulichezwa ili umalizike. Leo najua alikuwa akiivuta siku ile ya mwisho nyumbani isiishe. Jua lilikuwa bado juu, na tayari hatukuwa na la kufanya pamoja.